Tupeane uzoefu: "used to" inavyowatega wanaojifunza Kiingereza

Assalaam alaykum. Walimu wa skuli na wanaotembeza wageni Mji Mkongwe, tukusanye hapa wanafunzi wanakokwama kwenye "get used to" (kuzoea), na dawa yake.

Mwalimu, Wete
Waalaykum salaam. Mzizi wa kosa ni lugha yetu wenyewe. Tunasema "nimezoea joto", basi mwanafunzi anaiona ile -me- na kuandika "I have used to the heat". Lakini -me- hiyo inaeleza hali aliyonayo mtu sasa, kama "nimechoka". Kiingereza hali hiyo huibeba kwa "am": "I am used to the heat". Akiitaka "have" lazima aongeze "got": "I have got used to the heat" (Wamarekani husema "gotten").

Tena "am" isidondoke. "I am used to fishing at night" ni nimezoea kuvua usiku. "I used to fish at night" ni nilikuwa nikivua usiku, sasa sivui tena.

Mtembeza wageni, Shangani
Mwalimu kasema kweli. Kwa kuchagua kati ya "fish" na "fishing", chomeka "it" baada ya "to". "I am used to it" inasimama, kwa hiyo "to" ni kihusishi na kitenzi kinachofuata kitachukua -ing. "I used to it" haisimami. Hapo weka kitenzi kitupu, "fish".

Mgeni aliyefika jana na kushtushwa na adhana ya alfajiri mwambie "You'll get used to it". "Get" ni kuendelea kuzoea, "be" ni kwamba ushazoea.

Mwalimu, Chake Chake
Mtego mbaya kuliko yote huu hapa. "This knife is used to cut octopus": kisu hiki hutumika kukatia pweza. "He is used to cutting octopus": amezoea kukata pweza. Ukiandika "He is used to cut octopus", umemfanya mtu kisu!

Sikio linasaidia. Ya kutumia hutamkwa kwa z, "yuuzd". Ya kuzoea ni kwa s, "yuust", na "to" inamezwa karibu yote.

Mwalimu, Wete
Nyongeza: kanusho ni "didn't use to", bila d, maana wakati uliopita ushabebwa na "did". Kwenye "I'm not used to" d inabaki. Na hu- yetu ya "huamka alfajiri" isiwe "I use to wake"; ni "I usually wake up".

Mtembeza wageni, Shangani
Na "accustom" je, na "inure"?

Mwalimu, Chake Chake
"Accustom" ni kuzoeza, inataka mtendwa: "accustom yourself to the work", jizoeze kazi. Kwenye mazungumzo ya barabarani inasikika rasmi mno. "Inure" ni kuwa sugu wa tabu: "inured to pain". Hakuna aliye "inured" kwa biriani.