Mrejesho: ule mto nilioulizia samaki, nimeshautembea

Wakuu, niliuliza kama mto ule wa jirani una samaki wa maana, na mtu anashukia wapi na ndoano bila kuvamia mashamba ya watu. Jumamosi nimeutembea kwa miguu, asubuhi hadi giza.

Darajani hapafai. Kingo zimesimama wima na chini ni matete matupu. Njia ni ile ya mifugo inayoteremka kivukoni. Inapita ukingoni mwa shamba la mzee mmoja, nikabisha hodi, akaniruhusu kwa sharti nisikanyage mche wake hata mmoja.

Aliyeniambia nitafute kona, asante sana. Upande wa nje wa kona mkondo umechimba shimo. Nilifunga jiwe kwenye kamba, likazama kupita kimo changu. Upande wa ndani ni mchanga na maji ya magotini. Hapo nikaona vishimo vya duara kama sahani zilizopangwa chini ya maji, na kila kimoja kina perege dume akifukuza wenzake. Ni viota vyao vya kuzalia, basi sikurusha ndoano pale. Nilikaa nikiwatazama mpaka nikasahau kilichonileta.

Shimoni mchana kutwa kimya. Giza lilipoanza kuingia, kambare wawili kwa minyoo. Mmoja nilimrudisha, mdogo mno. Ndoano tatu zimebaki kwenye mizizi, kwa hiyo safari ijayo nabeba boya, chambo kisiguse chini.