Paa la Kanisa la Mkunazini, Unguja: limesimamaje bila boriti?

Mtembezaji_Darajani
Wakuu, habari za leo. Naandaa maelezo kwa wanafunzi watakaotembelea Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Nahitaji majibu ya uhakika kwa mambo matatu. Lile paa la mviringo linashikiliwa na nini, mbona hakuna boriti hata moja? Zile nguzo upande wa mlango mkuu kweli zimesimama kichwa chini? Na kuta za mawe za zamani kama zile zikianza kubanduka lipu, dawa ni saruji?

Jiwe_la_Pwani
Mkuu, anza na boriti zenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi. Ukumbi wa kanisa hili ni mpana zaidi ya maradufu ya hapo. Edward Steere, askofu Mwingereza aliyelijenga kanisa hili, akaamua kumwaga zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, kwa umbo la pipa lililopasuliwa kwa urefu. Wengi walitabiri litaanguka. Nguvu yake iko kwenye umbo: uzito unateremka kwa kufuata upinde hadi kwenye kuta. Lakini upinde pia unazisukuma kuta kwenda nje, ndiyo maana kuta zinapaswa kuwa nene.

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa lililokuwa hapo. Ibada ya kwanza ilikuwa Krismasi ya 1877. Steere alifariki 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Waonyeshe wanafunzi duara la marumaru nyeupe lenye ukingo mwekundu mbele ya altare: linaashiria mahali inaposemekana palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Msalaba wa mbao nao umetokana na mti wa Chitambo, kijiji kilichoko Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone.

Nguzo, ndiyo, zimepinduliwa. Simulizi ya kanisani ni kwamba mafundi walizisimamisha Steere akiwa safarini. Wape wanafunzi dakika watafute wenyewe kitako kilichokaa juu, hawatasahau.

Fundi_Chokaa
Kuhusu lipu: saruji hapana, tafadhali. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa nje. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma hadi itoke bamba zima, mara nyingi pamoja na uso wa jiwe.

Bandua lipu iliyolegea, piga brashi kavu uondoe chumvi, kisha lowesha ukuta. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Kila tabaka lisizidi milimita 10. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaacha jua likaushe. Chokaa hugumu kwa kuvuta hewa ya ukaa, na haiwezi kuivuta ikiwa kavu kabisa. Funika kwa magunia mabichi, nyunyiza maji siku kadhaa. Mwisho paka maji ya chokaa mepesi, tabaka nne au tano. Rangi ya plastiki inarudisha tatizo lilelile.

Mtembezaji_Darajani
Asanteni sana. Basi na paa nalo lirekebishwe kwa chokaa?

Fundi_Chokaa
La, usichanganye. Kuta ni chokaa, paa ni zege la saruji, kila kimoja kina tiba yake. Ukiona ufa unaokimbia kwa urefu juu ya upinde, usikimbilie kuujaza. Bandika kipande chembamba cha kioo juu yake, andika tarehe. Kioo kikipasuka, kuta bado zinasogea, na hapo anahitajika mhandisi wa majengo ya kale. Kisipopasuka baada ya masika na kiangazi, tazama maji: safisha mifereji, kagua pale paa linapokutana na ukuta, maana maji hupenda kuingilia hapo.