Mrejesho: saa janja iliyokuwa ikikatika kila nikiwasha laptopu

Wakuu, niliuliza kwa nini saa yangu janja inapoteza Bluetooth ya simu kila nikifungua laptopu. Tatizo limekwisha, nashukuru mno. Chanzo hakikuwa kimoja.

Kumbe niliwahi kuiunganisha saa na laptopu wakati wa kujaribu. Laptopu ikiwaka tu, inaiwahi saa kabla ya simu. Nimeifuta saa kwenye laptopu na kwenye simu, nikazima na kuwasha vyote, kisha nikaiunganisha upya kupitia programu yake yenyewe. Nafuu ilikuwa kubwa, ila bado ilikatika mara mojamoja.

Aliyeniambia nichunguze diski ya nje, ubarikiwe sana! Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi nyingi nazo huyatumia, na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele za redio humohumo. Diski yangu ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa laptopu, sentimita chache kutoka mkono wenye saa. Nimeihamishia upande wa pili kwa waya mrefu zaidi, na laptopu nimeiweka kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Leo siku ya tisa, haijakatika hata mara moja.

Ushauri wa kuirudisha saa kwenye hali ya kiwandani sikuufuata, maana niliogopa kupoteza kumbukumbu zangu za mazoezi. Arifa zilizokuwa zikichelewa nazo sasa zinafika papo hapo, baada ya kuitoa programu ya saa kwenye vizuizi vya kuokoa betri.