Hoteli ya kifahari kando ya ziwa, yenye mayi ya moto: Gisenyi, Karongi au Bogoria?

Mtoto wa Himbi (Goma)

Jambo wote. Papa na mama wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa nane. Sisi watoto watano tumechanga, na safari hii tumekataa sherehe ya ukumbi. Kila sherehe ya nyumbani kwetu mama ndiye analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Tunataka walale usiku tatu mahali pa heshima, wafungue dirisha waone ziwa na milima, na mama apate mayi ya moto yanayotoka ardhini. Magoti yanamsumbua sana. Alikulia upande wa Rutshuru, na hadi leo anasimulia jinsi bibi yake alivyomkanda kwa mayi ya moto alipovunjika mguu.

Mezani kuna mambo matatu. La kwanza ni hoteli kubwa ya ufukweni Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wetu, Rwanda, kando ya ziwa Kivu, halafu asubuhi waende Nyamyumba kwenye chemchemi. La pili ni Karongi, kusini zaidi kwenye ziwa hilo hilo, zile hoteli za vilimani. La tatu limetoka kwa dada yetu wa Nairobi: anasema kwenye ziwa Bogoria, kule Kenya, kuna hoteli ambayo bwawa lake lenyewe ni la chemchemi. Papa ana sukari lakini anatembea vizuri. Aliyefika aseme, tafadhali.

Birere22

Gisenyi, bila kuzunguka. Wazee wanavuka mpaka kwa miguu, na dakika kumi baadaye wako hotelini. Miaka 40 ya ndoa si ya kwenda kutapika kwenye kona za barabara.

Mimi na mke wangu tulilala Serena ya Gisenyi. Iko ufukweni kabisa: mchanga, mitende, bwawa la kuogelea, na ziwa mbele yako. Jioni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, taa zimewaka, wanaimba huku wakipiga makasia. Ukilala dirisha wazi unawasikia hadi wanapotelea mbali. Omba chumba kinachotazama ziwa, na uombe kwa maandishi, maana cha upande wa barabara kinakunyima hayo yote.

Ila ujue kwamba mayi ya moto hayako hotelini. Yako Nyamyumba, karibu na kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilomita sita hivi kusini mwa mji. Mnakwenda kwa gari au kwa boti.

Mama Furaha

Mwanangu wa Himbi, hongera kwa kuwaza wazazi. Mimi navuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka cha Goma na Gisenyi, karibu kila siku kwa biashara yangu, na Nyamyumba naenda mgongo unapokataa. Nakwambia kama nilivyopaona.

Mayi yanatokea pale pale ukingoni mwa ziwa, yanabubujika kwenye mawe. Mahali yanapotoka ni moto wa kuunguza, hakuna anayekanyaga. Watu wanachemshia mayai na viazi hapo. Ukisogea hatua chache, mayi ya ziwa ya baridi yanaingia na kuchanganyika, na hapo ndipo watu wanakaa. Kwa hiyo unajitafutia mahali pako: mbele kidogo pana vuguvugu, nyuma kidogo panauma. Vijana wa pale wanajua kila jiwe. Wanakukanda miguu na mgongo kwa elfu chache za faranga za Rwanda. Patana bei kwanza.

Sasa lile ambalo picha hazikuonyeshi. Ni mahali pa watu wote. Hakuna pazia, hakuna taulo jeupe. Wanawake tunaingia na kitenge kimefungwa vizuri, na mama yako atafanya hivyo hivyo bila shida, ila muandalie vitenge viwili, kimoja cha kuogea na kimoja kikavu. Nenda alfajiri, kabla ya saa moja asubuhi. Jumapili mchana usimpeleke, kunajaa vijana na muziki.

Kadutu Moja (Bukavu)

Naomba nitetee Karongi kidogo. Kwa uzuri wa macho, Gisenyi haiifikii. Ziwa pale limejaa visiwa vidogo na rasi, milima inaingia ndani ya mayi, na hoteli zimejengwa juu ya miteremko kiasi kwamba kila chumba kina ziwa lake. Asubuhi ukungu unakaa chini yako. Mbali ziwani unaona taa za ule mtambo wa KivuWatt, unaovuta gesi ya metani kutoka vilindini na kutoa megawati 26 za umeme tangu 2016. Papa anayependa kueleza mambo atapata la kueleza usiku mzima.

Lakini nikiwa mkweli, sikuwahi kuona chemchemi ya moto Karongi. Ngazi pia ni nyingi mno, na umesema magoti. Kwa watu wa huku Bukavu mayi ya moto ni Bugarama, upande wa Rusizi, karibu na kiwanda cha saruji: bwawa pana, si la kuunguza kama Nyamyumba, unaingia mwili mzima. Ila Bugarama ni bondeni, jua kali, hakuna ziwa wala hoteli ya kifahari mlangoni. Kankule, kule Katana, iko karibu na Kivu kweli, lakini hoteli hakuna. Kwa hiyo ziwa, milima, hoteli na mayi ya moto vyote kwa pamoja, kwenye Kivu hii yetu mimi sijavikuta chini ya paa moja.

Yule wa Katuba (Lubumbashi)

Naingilia kwa sababu liliniuma. Mwaka juzi nilimpeleka mke wangu kwenye hoteli moja, sitaitaja, iliyoandika kwenye tangazo lake kwamba ina mayi ya moto ya asili. Tulisafiri siku nzima. Tulipofika tulikuta beseni kubwa la plastiki lenye mapovu, linapashwa kwa umeme, na umeme ulipokatika saa mbili usiku likapoa. Mke wangu hakusema neno, na hilo ndilo lilinichoma zaidi.

Tangu siku ile nauliza maswali matatu kabla ya kulipa: mayi yanatoka wapi, yana joto gani yanapotoka, na umeme ukikatika yanabaki na moto? Mwenye chemchemi ya kweli anajibu mara moja, tena kwa fahari. Mwenye beseni anaanza kukueleza kuhusu mapovu.

Na msidhani mayi ya moto ni ya Kivu tu. Kwetu Katanga kuna Kiabukwa, chemchemi ya nyuzi 91. Wabelgiji waliitumia kuzalisha umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtambo wa kwanza wa aina hiyo Afrika. Bahati mbaya hoteli haikujengwa pale.

Muganga wa Katindo

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, na nimesoma neno "sukari" nikashtuka kwamba hakuna aliyelirudia.

Mama kwanza. Joto linalegeza misuli na kupunguza maumivu ya magoti kwa saa kadhaa, na hilo ni jambo zuri. Haliponyi goti lililochakaa, lakini anaweza kulala usiku bila kugeuka-geuka. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, kisha atoke polepole huku ameshikwa mkono, kwa sababu presha inashuka mtu anapotoka kwenye joto na anaweza kuanguka. Anywe maji ya kunywa kabla na baada.

Papa sasa. Mtu aliyeishi na sukari miaka mingi mara nyingi miguu yake imepoteza hisia. Anaweka mguu kwenye mayi ya kuunguza na haoni chochote hadi jioni malengelenge yatoke. Nimefunga vidonda vya namna hiyo, na vingine viliishia kukatwa kidole. Chemchemi ya Nyamyumba inatoka na joto la zaidi ya nyuzi 70. Kwa joto hilo ngozi inaungua ndani ya sekunde moja au mbili. Kwa hiyo papa asipime mayi kwa mguu wake. Mtoto apime kwa kiwiko, kama tunavyopima ya kumuogeshea mtoto mchanga. Papa avae viatu vya plastiki muda wote, na jioni mumtazame nyayo zote mbili.

La mwisho ni mazuku, ambayo sisi wa Goma tunaijua lakini tukiwa likizo tunaisahau. Ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Haionekani na haina harufu. Upande wa Goma na Gisenyi kuna sehemu za ufuko zinazojulikana kuwa nayo. Kwa hiyo wazee wakipenda kukaa nje alfajiri, wakae juu, hotelini, sio kwenye shimo la ufukweni wasilolijua. Waulizeni wenyeji, na mkiona mjusi au ndege amekufa bondeni, rudini.

Mtoto wa Himbi

Muganga, aksanti. Papa ni mtu wa kuingiza mguu kwanza na kuuliza baadaye. Bogoria je, kuna aliyefika?

Safari ya Ndosho

Nimefika, kwa kazi, mara mbili. Dada yako hakukosea. Hoteli iko Loboi, karibu na lango la hifadhi, na bwawa lake linapata mayi ya chemchemi, vuguvugu zuri, unaingia mzima na unakaa. Ukitaka raha ya mayi pekee, inazishinda zote mlizotaja hapa. Ndani ya hifadhi, kule Loburu, mayi yanachemka kabisa na kuruka juu kwa mvuke. Hayo ni ya kutazama kwa mbali. Flamingo wapo, ingawa wanahama, kuna siku ziwa zima la pinki na siku unakuta wachache.

Ila ziwa lenyewe ni la magadi, huogelei, na kutoka hotelini unakwenda kwa gari. Milima ipo, lakini chini pale ni joto na ukavu, si ubaridi wa Kivu wa mita 1,460. Halafu safari. Uwanja wetu wa ndege wa Goma ulifungwa mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo mnakwenda Kigali kwa barabara, ndege hadi Nairobi, kisha nusu siku ya gari kupitia Nakuru. Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe mkononi. Kwa usiku tatu, wazee wataona barabara kuliko mayi. Mkipata wiki nzima, nitabadilisha jibu.

Kaka wa Mbali

Nilisoma Japani miaka miwili, na mwalimu wangu alitupeleka Hakone kwenye nyumba ya wageni juu ya ziwa Ashi, zaidi ya mita 700 milimani, mlima Fuji kwa mbali. Siwaambii mwende. Nataka tu kueleza jinsi wenzetu wanavyofanya, maana tangu nisome swali hili nimekuwa nikiifikiria siku ile.

Ukifika unavua viatu, unapewa joho la pamba na chai. Kabla ya kuingia kwenye mayi unakaa kwenye kigoda na kujisugua kwa sabuni hadi usafike kabisa. Bwawa si la kuoshea uchafu, ni la kupumzikia, na unaingia bila nguo, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mayi yana nyuzi 40 hadi 42. Hakuna anayepiga kelele. Ukitoka, chakula kinakuja sahani moja moja, ndogo ndogo, na ukimaliza unakuta kitanda kimetandikwa sakafuni. Bei wanahesabu kwa kichwa, si kwa chumba, na chakula cha jioni na cha asubuhi kimo ndani.

Kilichonigusa ni mpangilio. Mayi, kisha chakula, kisha usingizi, na hakuna kitu kingine cha kufanya siku hiyo. Hilo unaweza kulifanya Gisenyi. Waende Nyamyumba alfajiri, warudi, wale, walale mchana kutwa. Usiwapangie matembezi.

Mama Furaha

Kaka wa Mbali amesema vizuri. Na umwambie kijana wa pale akujazie madumu mawili ya mayi ya chemchemi. Yakifika hotelini bado yana moto. Beseni, chumvi, miguu ya mama ndani, mlango umefungwa. Hapo hakuna anayemtazama.

Mtoto wa Himbi

Tumekaa wote watano jana. Ni Gisenyi, chumba cha chini kisicho na ngazi, upande wa ziwa. Karongi tunaiacha kwa sababu ya magoti. Bogoria dada ameahidi kuwaandalia mwakani, wiki nzima. Aksanti sana.

Mtoto wa Himbi (majuma matano baadaye)

Wamerudi. Naandika ili mjue ilivyokwenda.

Tulivuka Alhamisi saa tatu asubuhi, karatasi zilichukua muda kidogo. Chumba kilikuwa kama tulivyoomba, kwa maandishi, Birere22. Ijumaa saa kumi na moja na nusu dereva alitufuata. Giza lilikuwa halijaisha, mvuke unapanda juu ya mawe, watu sita tu. Nilipima kwa kiwiko, papa akalalamika kwamba namfanya mtoto, kisha akavaa viatu vyake. Mama aliingia na kitenge chake hadi kiunoni. Kijana mmoja alimkanda magoti polepole sana, na mama akaanza kumuuliza kwao ni wapi, na bibi yake yu hai?

Jumamosi hawakutaka kwenda. Waliomba madumu. Nilipogonga mlango saa saba mchana, mama alikuwa amelala kitini na miguu ndani ya beseni, na papa amepiga magoti sakafuni anaongeza mayi kwa kikombe, anapima kwa kiwiko.