Mrejesho: Wageni wa Minnesota na nyumba ya mchungaji

Wakuu, habari zenu, na shikamooni wakubwa. Niliomba ushauri kuhusu wageni wa usharika rafiki kule Minnesota waliotaka kuja huku Kilolo kutusaidia kujenga nyumba ya mchungaji: tuwape kazi gani watu wasiowahi kushika mwiko, na vibarua wetu je, si watakosa riziki?

Nyumba imefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Tulimsikiliza yule aliyesema fundi abaki fundi. Kozi zote za matofali amepandisha fundi wetu na vijana wake, na wamelipwa kama kawaida. Wageni walisomba matofali ya kuchoma, wakachekecha mchanga. Siku ya zege ndiyo ilinoga: ndoo zinapokezanwa mkono kwa mkono hadi jukwaani, babu mmoja wa Kimarekani anazihesabu kwa Kiswahili, na kila akifika saba anarudi tano. Akina mama hawakuwa na mbavu.

Maneno yalizuka kwenye bati. Wageni walitamani kupaua kabla ya kuondoka, wapate picha. Fundi akakataa katakata: lenta imwagiliwe maji siku 7 kwanza. Mzee mmoja wa kanisa akaona tunawaudhi wafadhili. Mimi nilikuwa upande wa fundi. Wageni wenyewe, kusema kweli, walielewa mapema kuliko mzee.

Mbao za kenchi, zile za kubeba bati, tumenunua kwa harambee yetu baada ya kuuza mahindi. Bado bati, milango na choo. Na aliyeuliza kuhusu risiti: mhazini anasoma mapato na matumizi kila Jumapili, wakati wa matangazo.