Naomba ushauri: birika na pasi zinazima umeme wa korido nzima

Wakuu, soketi ya chumba cha hosteli ni moja, na ekstensheni ina matundu manne. Birika la umeme la wati 2000 likiwaka peke yake, hakuna neno. Mwenzangu akichomeka pasi ya wati 1200, breka inakata na korido nzima inatutukana. Hesabu iko wazi: wati 3200 kwa volti 230 ni karibu ampea 14, breka imeandikwa 10. Kuweka kubwa zaidi sitaki, waya wa ukutani utaungua kabla haijakata.

Swali: tundu la ekstensheni ninalochomeka birika limegeuka rangi ya kahawia na plagi inachemka. Ni vyuma vya ndani vimelegea, au waya mwembamba? Na birika la wati 600 linachemsha lita moja kabla kipindi hakijaanza?