Nirudi na rubani wangu wa zamani au nianze upya kama mgeni? Naombeni ushauri

Rubani Mstaafu:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, Nkuhungu, nimehamishiwa huku kikazi tangu mwaka juzi. Familia imebaki Dar, kwa hiyo nikitoka kazini Mtumba jioni tunabaki mimi, upepo na laptop. Nimeamua kurudi kwenye EVE Online, lile gemu la meli za anga za juu ambalo niliacha kucheza 2019. Swali ni dogo tu: nimfufue rubani wangu wa zamani mwenye pointi za ujuzi milioni 40 na ushee, au nifungue rubani mpya kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuliona gemu lenyewe? Wanaolijua tafadhali. Hii ni siku ya nne silali vizuri.

Zabibu Kavu:
Siku nne hulali kwa ajili ya gemu? Mkuu, upo Dodoma, tafuta kiwanja. Mimi nilifika 2017, nikaonyeshwa kiwanja Nzuguni nikasema acha kwanza nimalizie gari. Gari lenyewe nimeshauza. Kile kiwanja kina ghorofa, na kila nikipita najifanya naongea na simu.

Kipanga wa Kondoa:
Nalicheza, nakujibu. Mrudie wa zamani. Ujuzi kule hauji kwa kubonyeza vitufe, unakuja kwa saa ya ukutani: unapanga cha kujifunza, unazima, unalala, rubani anaendelea kusoma. Milioni 40 ni miaka ya mtu. Na haijapotea. Tangu Novemba 2016 unaweza kucheza bila kulipa, ujuzi uliozidi kiwango cha bure unafungwa tu mpaka ulipie, karibu dola 20 kwa mwezi, au ununue PLEX, ile bidhaa ya kulipia muda wa kucheza, kwa pesa ya humo humo ndani. Ukianza upya bure, masomo yanagota kwenye pointi milioni 5. Nani anaacha nyumba iliyokwisha pauliwa akapange chumba?

Rubani Mstaafu:
Nashukuru mkuu. Ila gemu limebadilika sana na mimi nimesahau mengi. Nataka nijifunze taratibu, kwa unyenyekevu.

Bi Mkubwa wa Area C:
Mkeo anajua?

Rubani Mstaafu:
Mke hahusiki kabisa na hili.

Bi Mkubwa wa Area C:
Haya. Humu kila mwenye kusema mke hahusiki, ukifika ukurasa wa tatu tunamkuta mke.

Fundi Rejeta:
Samahani nidandie. Hiyo seva si ipo London? Kwa intaneti ya kwetu huku Kikuyu si utapigwa kabla hujaona adui? Mimi nilijaribu gemu la mpira mtandaoni, nilifungwa saba, goli la nne nikaliona wenzangu wameshamaliza kushangilia.

Kipanga wa Kondoa:
Ni London, ila hili si la kukimbizana na kidole. Seva inapokea amri zako na kuhesabu kwa sekunde moja moja, kwa hiyo bando la kawaida linatosha. Mwenye uzi, narudi kwako. Unyenyekevu hauzuiwi na pointi. Kule ukimbonyeza rubani wa mtu unaona mashirika yote, yaani vikundi vya wachezaji, aliyopitia, na tarehe za kuingia na kutoka. Nani hutaki aone?

Rubani Mstaafu:
Hilo si swali nililouliza.

Zabibu Kavu:
Tayari! Navuta kigoda.

Rubani Mstaafu:
Sawa, nafunguka. Nilianza baada ya kusoma habari za ile vita ya humo kwenye gemu ya Januari 2014, kwenye eneo la B-R5RB, meli kubwa aina ya Titan 75 ziliangamia. Nikapokelewa na shirika dogo, Watanzania na Wakenya. Kiongozi tulimwita Mzee. Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu, kuanzia kuchimba mawe mpaka kutoka Jita, lile soko kuu la humo, na mzigo bila kulipuliwa. Mwisho akanipa cheo cha kufungua ghala la shirika. Siku moja ya 2019, saa nane mchana, watu wakiwa makazini, nililifungua nikabeba kila kilichokuwemo, nikajitoa. Kabla hamjanirukia: wenye gemu, wale wa Iceland, wanaruhusu. Ukimpa mtu ufunguo akakuibia, hawakurudishii. Sijavunja sheria yoyote.

Fundi Rejeta:
Ile vita naikumbuka! Si ndiyo iliyoanza kwa sababu malipo ya umiliki wa eneo hayakwenda? Watu wamepigana karibu siku nzima kisa mtu hakulipia, kama luku inavyokata mechi ikiwa dakika ya 88.

Bi Mkubwa wa Area C:
Tusihame. Huo mzigo ulikwenda wapi?

Rubani Mstaafu:
Niliuza.

Bi Mkubwa wa Area C:
Kwa pesa ya gemu?

Rubani Mstaafu:
Mwanzoni, ndiyo. Kisha ile pesa ya gemu nikamuuzia mtu, akanitumia kwenye simu. Nilikuwa kampuni binafsi, wametupunguza, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Mtu mwenye mtoto wa miaka miwili atanielewa.

Kipanga wa Kondoa:
Hapo sasa sheria umevunja. Kuiba ghala ni mchezo, ndiyo ladha yake hata. Kugeuza pesa ya ndani kuwa shilingi ni marufuku, wakikubaini akaunti inafungwa. Basi ninabadili jawabu: usimguse wa zamani. Anza upya, mbali na watu wale, shirika la EVE University wanapokea wageni na kuwafundisha tangu 2004. Yaishe.

Rubani Mstaafu:
Ndiyo nilivyofanya, nimeshamfungua rubani mpya, wiki ya tatu sasa. Ila si mbali na wale. Nimeomba kwenye shirika lile lile na wamenipokea. Mzee mwenyewe ndiye ananifundisha, kila siku saa tatu usiku.

Zabibu Kavu:
Eti?

Rubani Mstaafu:
Nimemwambia maikrofoni imekufa, maana sauti yangu anaijua. Amenipa meli ndogo ya kuchimbia, Venture, ananielekeza jiwe la kuanza nalo, na mimi naandika "asante Mzee, kumbe ni hivyo". Juzijuzi nilikosea makusudi asije akanistukia, nikaacha sehemu ya mzigo ijae mpaka mtambo wa kuchimba ukasimama wenyewe. Akacheka, akaandika: "Kuna kijana wangu mmoja alikuwa anafanya hivyo hivyo." Hapo ndipo usingizi ulipokata. Lakini kuna ubaya gani? Simchukulii kitu. Namchimbia mawe, namrudishia kidogo kidogo bila yeye kujua.

Kipanga wa Kondoa:
Kumbe ulikuja kuomba ushauri wa jambo ulilokwisha kulifanya.

Rubani Mstaafu:
Nilitaka mtu mmoja aniambie niendelee.

Bi Mkubwa wa Area C:
Mimi simo kwenye meli zenu, ila baba yangu alikuwa na duka Mpwapwa. Kijana wa dukani akakimbia na mauzo ya siku tatu. Miaka kumi baadaye akaja na mbuzi na ndugu zake wawili. Baba alimpokea mbuzi, chai wakanywa, lakini funguo za duka hakuwahi kumpa tena mtu asiye wa tumbo lake. Kulipa kimyakimya ni kumkosesha Mzee wako hata nafasi ya kukukasirikia.

Mkaguzi wa Majani:
Nimesoma kimya tangu juu. Jamani, hii ni chai, na imewekwa iliki. Mwenye uzi anasema ghala alilifungua saa nane mchana. Seva ya EVE huzimwa kila siku saa nane kamili mchana kwa saa zetu. Kila siku! Ulibebaje mzigo kwenye seva iliyozimwa? Halafu uliiba, ukapunguzwa kazi, ukauza, ukaajiriwa, ukahamishiwa Dodoma, na Mzee bado yupo pale pale anagawa Venture. Tunga nyingine.

Zabibu Kavu:
Nilikuwa nimeshamwonea huruma, rudisheni huruma yangu.

Rubani Mstaafu:
Nilisema saa nane kwa makadirio. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na kitu. Nilipanga hivyo ili nikimaliza seva izimwe, mtu asinifuate. Ukitaka amini, usitake acha.

Mkaguzi wa Majani:
Sahihisho linalokuja baada ya kushikwa tunaliitaje?

Kipanga wa Kondoa:
Mimi ndiyo kwanza nimeamini. Mtunzi angesema usiku wa manane. Dakika za mwisho kabla ya seva kuzimwa ni akili ya mtu aliyekaa kule akakomaa. Na nikwambie, mwenye uzi: Mzee anajua. Ukitypu miaka mitano na mtu, unamjua hata anavyoweka mkato.

Fundi Rejeta:
Kama anajua, anasubiri nini?

Mkaguzi wa Majani:
Anasubiri sehemu ya pili ya hadithi.

Rubani Mstaafu:
Ameandika sasa hivi: "Mwanangu, nimekupatia maikrofoni mtu anauza bei poa hapo Majengo sokoni. Kesho tuongee." Mimi sikumwambia nipo Dodoma.

Zabibu Kavu:
Uuuwi.

Bi Mkubwa wa Area C:
Kainunue.

Zabibu Kavu:
Mwenye uzi, mrejesho? Siku ya tatu leo.

Fundi Rejeta:
Akiwa kimya, mimi naomba kuuliza. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, anashinda anazurura Sabasaba. Hilo gemu la bure linapatikana wapi?

Kipanga wa Kondoa:
Kwenye tovuti yao wenyewe. Aanze na wale mawakala wa mafunzo, asirukie meli kubwa. Na akifika Jita, mtu akimwambia atume pesa irudishwe mara mbili, asitume.